Maji Mahali pa Tenga

Siku za jua hakuna aliyelalamika. Wakulima wa Kwebamba walipandisha matenga yao ya majani ya chai mpaka kituoni, wakayaweka juu ya mizani mpya, wakainua macho kwenye kioo cha kompyuta kilichoelekezwa dirishani, wakasoma kilo zao na kuondoka wakicheka. "Mashine ya binti Yohane ina huruma," walisema. Lawama zilianza mvua ilipoanza, na zote zilimwendea Bakari.

Bakari alikuwa karani wa mizani tangu wakati wa ile mizani ya saa, iliyoning'inia kwenye mhimili wa banda na kutikisika upepo ukivuma. Majani yaliyochumwa kwenye mvua hubeba maji, na mnunuzi halipii maji. Kwa hiyo karani hutwaa konzi ya majani, huyaminya kiganjani, hutazama yanavyochuruzika, kisha hutaja kiasi cha kupunguza. Huku ndiko kukata maji. Sijui kazi nyingine milimani inayomletea mtu maadui upesi kama hii, lakini Bakari aliifanya mpaka nywele zikaingia mvi, na hakuna aliyewahi kumpeleka kikaoni. Alikuwa na sauti ndogo na kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Watu walimwita Mzee wa Tano, kwa kuwa mvua ya kawaida ya Kwebamba, kwa kipimo cha kiganja chake, ilikuwa asilimia tano.

Yunis, binti wa Yohane, ndiye aliyeleta kompyuta. Alikuwa amehitimu Dar es Salaam miaka miwili kabla ya hapo, na wenzake wengi walikwisha ajiriwa kwenye makampuni ya simu yaliyokuwa yanaota mjini kama uyoga. Yeye alirudi. Tangu soko huria lifike, malori ya wanunuzi yalipanda mlima kila moja na mizani yake, na mkulima alirudi nyumbani na kilo alizoambiwa na mwenye lori. Yunis aliamini kwamba chama cha wakulima kikiwa na mizani yake ya umeme, na kila mtu akiona uzito wake kwa macho yake kabla lori halijafika, hakuna atakayedanganywa tena. Aliamini hivyo kwa moyo wote. Aliandika barua kwa wafadhili mpaka vidole vikamuuma, na mwanzoni mwa mwaka 2004 chama kikapata mizani, jenereta na kompyuta moja kuukuu yenye mfumo wa Linux, ambao hauhitaji leseni ya kununua.

Fundi aliyetumwa kutoka Dar alifunga kila kitu kwa siku moja, akashuka. Yaliyobaki yalikuwa ya Yunis. Programu ya kusoma mizani aliiandika mwenyewe. Kazi ya karani ilibaki kubonyeza vitufe viwili kwenye kisanduku cha mizani: kimoja cha kilo za tenga tupu, kingine cha asilimia ya maji, kila kimoja mara nyingi kama namba anayoitaka. Programu ilitoa uzito wa tenga, ikakata maji, ikaonyesha kilichobaki.

Kabla ya masika, watengenezaji wa mizani walitoa toleo jipya la maktaba yao, yaani ule mkusanyiko wa kazi zilizokwisha andikwa ambao programu ya Yunis iliutegemea ili kuongea na mizani. Yunis alikwenda Lushoto mjini, akalipakua kwenye duka la intaneti, akarudi nalo kwenye CD. Alilifunga, akaijenga upya programu yake, akaweka juu ya mizani jiwe la kilo kumi. Kioo kikaandika kumi. Akaweka la ishirini. Kikaandika ishirini. Akazima jenereta, akaenda kumsaidia mama yake kupalilia maharage, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Kisha mvua ikaja, na Bakari akaja ofisini akikung'uta maji kwenye kofia.

"Shikamoo, mzee Bakari."

"Marahaba, mwanangu. Hii mashine yako inakata maji kwa kisirani."

"Inakataje?"

"Nabonyeza tano. Tano yangu ya siku zote. Lakini kilo zinazotoka si za tano. Mtu analeta tenga nalijua kwa macho, naona aibu kumwonyesha kioo."

"Labda kidole kinabonyeza mara mbili, mzee. Vile vitufe ni vyepesi sana."

"Nina vidole, Yunis. Sina kwato."

Wote wawili walicheka. Yunis akatoka naye, akaweka jiwe la kilo kumi juu ya mizani. Kumi. Akaweka la ishirini. Ishirini.

"Unaona, mzee? Ni nzima kabisa."

"Naona," alisema Bakari, akavaa kofia yake mbichi.

Mvua haikukatika. Wenye matenga makubwa walinung'unika. Wenye matenga madogo walilia. Na kwa kuwa kila mtu aliona kidole cha Bakari kikienda kwenye kitufe cha maji, na kilo zikishuka papo hapo, hakukuwa na la kutafuta. Wakaanza kumwita Mzee wa Hamsini. Mtu akasema lori la mnunuzi humpakia Bakari gunia gizani. Mwingine akasema amemwona.

Kikao kiliitwa Jumanne, ndani ya banda la kituo, mvua ikipiga bati kiasi cha kulazimisha watu kupaza sauti.

"Binti yake Bakari, Mwanamisi, anaolewa mwezi ujao," alisema mama mmoja, "na pilau yote itapikwa kwa majani yangu!"

"Hata wali atautoa maji!" mwingine akadakia, na banda zima likaangua kicheko.

Mwenyekiti wa chama, mzee Ibrahimu, aligonga meza kwa kifuniko cha chupa ya chai. Alikuwa mtu wa haki, na hakupenda kumhukumu mwenzake wa umri. Alimgeukia Yunis.

"Binti yetu, wewe ndiye msomi wetu. Hebu tuambie. Hii mashine inaweza kukosea?"

Yunis alisimama. Alijua jibu; alikuwa amelijibu kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza. Alilitoa kwa sauti iliyofika mpaka nyuma, sauti ya mtu aliyetamani kwa muda mrefu kuulizwa jambo analolijua mbele ya watu wa kwao.

"Kompyuta haina akili yake, mwenyekiti. Hutoa kile ilichoingiziwa. Nimeipima kwa mawe mara mbili, ni nzima."

"Na anayeingiza ni nani?"

"Ni karani."

Hakumwita mtu mwizi. Alipokaa aliona Bakari anamtazama, bila hasira, kama baba anayemtazama mwanawe akikosea njia ya kwenda nyumbani.

Kisha Bakari akasimama. Watu wakanyamaza ili waisikie sauti yake ndogo.

"Mimi sina mashine ya kunisemea," alisema. "Basi isomwe halbadiri. Ijumaa, baada ya alasiri, hapa hapa kituoni. Aliyekula kilo za watu, awe mimi, awe mwingine, imfuate."

Hakuna aliyecheka tena. Halbadiri ni dua inayosomwa kwa majina ya mashujaa wa Badri dhidi ya mtu aliyedhulumu kwa siri, na milimani kwetu watu huiogopa kuliko polisi. Iliwahi kupotea cherehani ya mtu, ikatangazwa tu kwamba itasomwa, na asubuhi cherehani ikakutwa mlangoni imefutwa vumbi. Fanueli, mzee wa kanisa, alijaribu kulegeza mambo: "Sisi Walutheri ubani tutachangia, ila moshi usielekee upande wetu." Wachache walitabasamu. Mzee Ibrahimu akasema kwamba mpaka Ijumaa ipite, Bakari asiguse mizani.

Kwa hiyo siku ya Ijumaa adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini, vitufe vilikuwa mikononi mwa Yunis.

Alikuja Bi Zakia, mjane wa juu ya kituo, ambaye magoti yake yalimruhusu kuchuma mistari michache tu ya chai nyuma ya nyumba. Tenga lake lilikuwa dogo kuliko yote. Mvua ilikuwa imelilowesha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo nashukuru ni wewe. Nimewahi makusudi."

Yunis aliliweka tenga juu ya mizani. Kilo tisa kamili. Akabonyeza kitufe cha tenga: moja, kwa kuwa tenga tupu lilikuwa la kilo moja. Akaminya majani kama alivyomwona Bakari akifanya, akakadiria, akabonyeza maji: tano. Akainua macho.

Kioo kiliandika kilo tatu pointi tisa na ushee.

Bi Zakia hakujua kusoma barua, lakini namba alizijua. Alikitazama kioo. Akakitazama kidole cha Yunis, ambacho kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Na wewe, Yunis?" alisema.

Hakusema kwa ukali. Alianza kukusanya kitambaa chake cha kubebea mgongoni, kama mtu anayejiandaa kuondoka mahali alipokuwa akitegemea msaada.

"Bibi, nisubiri. Tafadhali."

"Nisubiri nini? Zishuke na hizo tatu?"

Yunis alirudisha maji kuwa sifuri. Namba ikaruka juu, karibu kilo tisa zote, kana kwamba hakuna tenga la kupunguzwa. Akabonyeza tenga sifuri, maji moja. Ikakatwa kilo moja nzima. Alichokiita maji, programu ilikuwa inakikata kama kilo za tenga. Alichokiita tenga, ilikuwa inakikata kama asilimia ya maji. Tano ya Bakari haikuwa sehemu tano kwa mia za majani. Ilikuwa kilo tano, kutoka kwenye kila tenga, liwe la kijana mwenye nguvu au la Bi Zakia. Na mawe yake ya kilo kumi na ishirini hayakuwa na tenga wala maji. Sifuri na sifuri zikibadilishana nafasi, nani ataona?

Aliingia ofisini, akakaa mbele ya kompyuta akiwa na nguo mbichi. Kila maktaba huja na faili dogo linaloitwa heda. Heda yenyewe haifanyi kazi. Huieleza tu programu, wakati inajengwa, kwamba ndani ya maktaba kuna nini na kila kitu kimekaa nafasi gani. Yunis aliiamuru mashine itafute heda ya mizani popote ilipo. Ilipaswa kuleta jibu moja. Ilileta mawili:

/usr/include/mizani.h
/usr/local/include/mizani.h

Aliyasoma, na hakuhitaji kusoma tena. Katika Linux, mahali pa kawaida pa heda ni /usr/include. Humo hukaa zile zilizokuja na mfumo wenyewe. Kile ambacho mwenye mashine anajifungia kwa mkono wake, desturi ni kukiweka chini ya /usr/local, na heda zake huingia /usr/local/include, ili vya mfumo na vya mwenye mashine visichanganyike. Fundi wa Dar alikuwa ameifuata desturi hiyo. Yunis alipoleta toleo jipya aliona kazi yake haistahili kukaa pembeni, akaiweka pamoja na vya mfumo, kama mtu anayehamisha kitanda chake kutoka banda la nje na kukiingiza nyumba kubwa. Kisha akaifuta maktaba ya fundi. Heda yake akaisahau pale ilipokuwa.

Na kikusanyaji, ile programu inayojenga programu nyingine, huanza kutafuta kwenye /usr/local/include. Kilipokuta humo jina kilichokuwa kinalitafuta, hakikuendelea mbele. Kikaijenga programu ya Yunis kwa maelezo ya zamani, ikaenda kufanya kazi na maktaba mpya. Katika maelezo ya zamani tenga lilitangulia, maji yakafuata. Katika maktaba mpya maji yametangulia. Majina yalikuwa yale yale, kwa hiyo hakuna onyo lolote lililotokea kwenye kioo. Mashine ilimtii Yunis kwa kila neno.

Alifuta ile heda ya zamani. Akaijenga programu upya. Akatoka, akaweka tenga la Bi Zakia juu ya mizani, akabonyeza moja, akabonyeza tano. Kilo saba na nusu na ushee.

"Ehe!" Bi Zakia akashika kiuno. "Hizo ndizo zilizokuwa mgongoni kwangu. Umefanya nini?"

"Nimeondoa kosa, bibi."

"La Bakari?"

Yunis alifungua mdomo. "La mashine," akasema.

"Alhamdulillahi." Bi Zakia alishusha pumzi, akaanza kujifunga kitambaa. "Afadhali liwe la mashine. Mashine haina mtoto wa kuolewa."

Alipokwisha kuondoka Yunis alibaki amesimama kando ya mizani. Mvua ilikuwa imepungua, na ukungu ulianza kupanda kutoka upande wa Mgwashi. La mashine. Neno lile lilikuwa jepesi, na lingetosha. Angeweza kumfuata mzee Ibrahimu njiani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mitambo ilipata hitilafu na sasa imetengemaa. Dua isingesomwa. Hakuna ambaye angeuliza hitilafu gani. Bakari angerudi kwenye mizani, na yeye angebaki msomi wa Kwebamba, binti aliyeacha mshahara wa Dar kwa ajili ya wakulima. Alijiona akilisema neno hilo, akaona pia jinsi watu watakavyomshukuru, na aibu ikampanda shingoni mpaka masikioni kwa moto ambao hakuwahi kuujua.

Alasiri watu walijaa. Mikeka ilitandikwa chini ya upenu wa banda, chetezo kikawekwa katikati, na moshi wa ubani ukatambaa kwa sababu ya unyevu. Walutheri walisimama nyuma, karibu na njia, Fanueli akiwa mbele yao na kofia mkononi. Bakari alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Mkewe na binti yake Mwanamisi walikaa na wanawake, vichwa vimeinama. Hakuna aliyekaa karibu nao.

Sheikh Omari hakuwa mtu wa kupenda mambo haya. Alikifungua kitabu chake polepole, akakiweka mapajani.

"Hii si ngoma," alisema. "Ikishasomwa, mimi sina uwezo wa kuirudisha. Kwa hiyo nauliza kwanza. Yupo mtu mwenye neno?"

Jenereta lilikuwa limezimwa. Matone yalisikika yakianguka kutoka kwenye bati.

"Nauliza mara ya pili. Kama mtu alighafilika, kama alipitiwa, huu ndio mlango."

Yunis alikuwa amejiegemeza kwenye nguzo. Alimwona Mwanamisi akiuma ncha ya mtandio wake.

"Nauliza mara ya..."

"Mimi, sheikh."

Vichwa viligeuka. Alisogea mpaka ukingo wa mikeka, akavua viatu bila kujua kwa nini anavua.

"Kilo zenu nimezipoteza mimi," alisema. "Mzee Bakari alibonyeza sawasawa. Kila siku alibonyeza sawasawa. Mimi nilipoleta toleo jipya niliacha ndani ya kompyuta faili la zamani lililotakiwa kufutwa. Kwa sababu hiyo programu yangu ikaweka maji mahali pa tenga, na tenga mahali pa maji. Alipotaja tano, mashine yangu ilikata kilo tano."

Minong'ono ikaanza. Mzee Ibrahimu aliinua mkono.

"Kwa hiyo ni kosa la mashine, binti?"

Alikuwa anampa mlango. Yunis aliuona, na aliona pia wema uliokuwa machoni mwa yule mzee.

"Hapana, mwenyekiti. Mashine ilifanya nilichoiagiza. Niliipima kwa mawe kwa sababu mawe ni rahisi. Sikuipima hata siku moja kwa tenga lililonyeshewa. Kosa ni langu."

"Na siku za jua?" aliuliza yule mama aliyesema habari ya pilau.

"Siku za jua maji yalikuwa sifuri. Kwa hiyo tenga halikukatwa sawasawa. Mlipata... mlikuwa mnapewa zaidi."

Watu walikuwa wakikumbuka jinsi walivyoshuka mlima wakicheka.

"Loo," alisema Bi Zakia kutoka upande wa wanawake. "Basi sheikh funga kitabu upesi, kabla hakijatufuata wote."

Watu walicheka, kwa kicheko cha watu wasiotaka kutazamana. Fanueli akakohoa. Mzee Ibrahimu akaanza kukunja mkeka uliokuwa karibu naye, kana kwamba shughuli imekwisha. Lakini Bakari hakusimama.

"Yunis," aliita.

"Naam, baba."

"Jumanne ulisema kwa sauti. Nilikuwa nimekaa kule nyuma, na mvua ilikuwa inapiga bati, nikasikia kila neno. Leo umesema kama mtu anayeombea wagonjwa. Waliosimama njiani kule wamesikia nusu. Sema tena."

Alisema tena. Sauti ilimkatika, akaanza upya. Alisema kwamba karani hakuwa na kosa, akataja jina lake lote, Bakari, baba Mwanamisi, na akasema kwamba yeye Yunis, alipoulizwa mbele ya watu, alikuwa na nafasi ya kusema "sijui, nipeni muda nitazame," na hakuisema kwa sababu alipenda kuonekana anajua. Hilo la mwisho hakuwa amepanga kulisema. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, maana kuyafuta kungekuwa kuwaonyesha.

Sheikh Omari alifunga kitabu.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Yunis alimsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake, bila kujali nani anasikia: "Bakari kampa nini yule?" Mwenzake akajibu: "Uliza harusi itakuwa na ng'ombe wangapi." Wakacheka, wakateremka.

Alisimama kama aliyepigwa kofi. Alikuwa ameamini kwamba ukweli ukishatoka mdomoni huenda wenyewe mpaka mahali uongo ulipofika, na kuuondoa. Bakari alikuwa karibu naye, akitafuta viatu vyake kati ya vingine. Alikuwa amesikia pia.

"Baba, nisamehe."

"Nimekwisha kukusamehe," alisema Bakari, akiingiza mguu kwenye kiatu. "Lakini kusamehe ni kati yangu na wewe. Jina langu liko kwao." Akaelekeza kidevu kule chini, kwenye njia iliyojaa watu.

"Utarudi kwenye mizani?"

"Siku ya jua usiniite. Mvua ikinyesha, nitumie mtu."

Mvua ilinyesha Jumatatu. Yunis hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe, wakapanda pamoja, yeye nyuma yake. Foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye miti ya mikaratusi. Bakari aliingia kwenye nafasi yake, akatwaa konzi ya majani ya mtu wa kwanza, akayaminya. Na Yunis aliona jambo ambalo alikuwa analiogopa: hakuna aliyetazama kioo. Foleni nzima ilikuwa imenyoosha shingo kutazama kidole cha yule mzee. Bakari aliona. Kidole chake kilisita juu ya kitufe.

Yunis alitoka chini ya upenu, akasimama kwenye mvua, upande ambao foleni yote ingemwona.

"Tenga tupu, kilo mbili!" alipaza sauti. "Maji, tano kwa mia! Kabla ya kukata, kilo ishirini na mbili. Baada ya kukata, kilo kumi na tisa. Mwenye tenga, umeona?"

"Nimeona," alisema mwenye tenga, bila kupenda.

"Anayefuata."

Alitangaza tenga la pili, na la tatu. Maji yalimwingia shingoni. Vijana wawili walianza kumwigiza, wakitaja tano kwa mia kwa sauti nyembamba ya kike, na watu wakacheka. Alihisi uso unawaka, akapunguza sauti bila kukusudia.

Bakari alikuwa ameinamia kisanduku cha mizani. Hakumtazama.

"Sauti, mwanangu," alisema. "Wa nyuma hawasikii."